Je, wajua kwa nini mchwa hupanda ukutani ndani ya kijia cha udongo?

Ule mstari wa udongo unaotoka sakafuni, ukapanda ukutani na kuishia kwenye fremu ya mlango au darini, wengi huufuta kwa ufagio wakadhani kazi imekwisha. Siku mbili tatu baadaye umerudi palepale. Mchwa hajengi kijia hicho kwa mazoea tu. Bila hicho hafiki kwenye mbao akiwa hai.

Watu wengi humweka mchwa kundi moja na siafu na sisimizi, lakini ndugu yake wa karibu ni mende. Tofauti na mende, ngozi yake ni laini na nyembamba, na maji humtoka upesi mno. Jua na upepo vikimpiga, hakawii kufa. Ndiyo maana hushinda chini ya ardhi, ndani ya mbao, au ndani ya kijia alichokijenga kwa udongo, mate na kinyesi chake. Humo mna giza na unyevunyevu, na sisimizi, adui yake mkubwa, hampati kwa urahisi.

Toboa kijia kwa ncha ya kisu uone. Askari wenye vichwa vikubwa hutangulia kujaa tunduni, taya zimeachama. Nyuma yao huja vibarua, weupe na vipofu, kila mmoja na punje yake ya udongo mdomoni. Anaibandika ukingoni, anageuka, anampisha mwenzake. Haupiti muda mrefu tundu limezibwa. Kijia kikiwa kikavu, kikavunjika na asitoke hata mmoja, huenda wamekihama, ila hiyo haimaanishi wameihama nyumba.

Wanachofuata ni selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mimea: mbao, maboksi, vitabu, nyasi za paa. Baadhi yao wana vijidudu tumboni vinavyoisaga. Wengine, hasa wale wa vichuguu vikubwa, hulima kuvu ndani ya kiota iwalainishie chakula, na uyoga unaochipuka juu ya vichuguu wakati wa mvua ni mazao ya shamba hilo. Zege hawali. Lakini ufa wa milimita moja au mbili unawatosha kupita, na nafasi inayoachwa pembeni mwa bomba linapotoboa sakafu ni mlango kabisa.

Kwa hiyo kuikinga nyumba ni kukata njia kati ya udongo na mbao, na wakati mzuri kuliko wote ni kabla ya kumwaga zege la sakafu. Visiki na mizizi ing'olewe. Mbao zilizotumika kushikilia zege zitolewe zote, kwa sababu kipande kimoja kikifukiwa kwenye msingi kinakuwa chambo cha kuwaita. Kisha udongo unapigwa dawa ya mchwa, pembezoni mwa kuta na kwenye matundu ya mabomba kwa uangalifu zaidi. Ukiruka hatua hii, kuipiga dawa hiyo baadaye ni kazi ya kutoboa sakafu iliyokwisha kupigwa vigae.

Ipo pia kinga isiyo na sumu, na mimi naipenda kwa werevu wake. Huko Hawaii walitengeneza tabaka la kokoto za mawe ya volkano zenye ukubwa wa kati ya milimita 1.7 na 2.4. Kokoto hizo ni kubwa kiasi kwamba mchwa hawezi kuzibeba kwa taya, na zikishindiliwa nafasi zinazobaki ni ndogo kuliko kichwa chake. Anakwama. Wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu yasiyofika milimita moja, hufanya kazi hiyohiyo.

Dawa nazo zimebadilika. Zile kali za zamani, kama dieldrini na klordeni, ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, makubaliano ya kimataifa ya kuzuia sumu za aina hiyo, kwa sababu hukaa kwenye udongo miaka mingi na kujilimbikiza mwilini. Siku hizi zipo zinazomfukuza mchwa, na zipo asizozitambua kabisa, kama fipronili. Hizi za pili hupenya mbali zaidi. Mchwa hulishana mdomo kwa mdomo na kulambana, hivyo aliyeigusa dawa humpelekea mwenzake. Chambo chenye sumu ya polepole hutegemea tabia hiyohiyo: vibarua hukipeleka kiotani, na wanaokua humo hushindwa kujivua ngozi ya zamani.

Oili chafu ya gari, ambayo bado inamwagwa misingini, siipendekezi kamwe. Inachafua udongo na maji, na mchwa hupita pale isipofika. Kuchimba malkia nako hakuaminiki sana, maana baadhi ya aina huweza kupata malkia mwingine, na kichuguu unachokibomoa huenda si kilichotuma waliomo nyumbani mwako.

Kama nyumba imeshajengwa, anza na maji. Bomba linalovuja, mfereji wa paa unaomwaga ukutani, bustani iliyoegemezwa kwenye kuta: vyote vinampa mchwa unyevu anaouhitaji. Acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane juu ya udongo, ili kijia kikianza ukione mapema. Kuni na mbao zisiegemezwe ukutani. Gonga fremu kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, yaelekea ndani wameshaila na kukuachia ganda la rangi. Na ukikuta mabawa ya kumbikumbi yamerundikana dirishani kwa ndani, huenda wametokea humo humo.

Kuna mchwa mmoja anayevunja kanuni hii yote. Mchwa wa mbao kavu hahitaji udongo wala kijia. Huingia na kiti au kabati kuukuu, akaishi humohumo miaka. Dalili yake ni vipunje vidogo vigumu vyenye pande sita, vinavyodondoka chini ya samani kama mchanga. Kwake dawa ya udongo haina kazi. Kipande chenyewe ndicho kinachotibiwa, kwa joto, kwa moshi wa sumu unaofukizwa na mtaalamu, au kwa kukitoa nyumbani kabla ya kumbikumbi wake hawajaruka kwenda darini.