Kilomita Gawanya kwa 900? Hapana, Jamani

Juzi tena nimeulizwa: kama London hadi New York ni kilomita 5,500 hivi, na ndege inakwenda 900 kwa saa, mbona tiketi inasema safari ni ya saa 8? Si unagawanya tu, unapata saa 6 na dakika chache? Anayeuliza huwa na kikokotoo mkononi na uso wa mtu aliyenasa mwizi. Kazi yangu ni kuzipangia ndege njia, mwinuko na mafuta, kwa hiyo lawama huniishia mimi.

Mepesi kwanza. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege ikiondoka ilipoegeshwa, huisha ikiegeshwa upande wa pili. Foleni ya kuruka imo, kuzungushwa kabla ya kutua kumo. Na kilomita 5,500 ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe, ambao si lazima ndege iufuate. Tangu anga ya Urusi ifungiwe mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka saa 9 na nusu hivi hadi kama 13. Miji haijasogea.

Sasa upepo, ninapoishiwa subira. Ile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe iko safarini. Kilomita 9 hadi 12 juu hupita mkondo mkali wa kutoka magharibi, ambao majira ya baridi unaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Februari 2020 ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo wa dhoruba Ciara. Haikuipita kasi ya sauti, ilibebwa. Ya kwenda New York hupingana na upepo huohuo, ndiyo maana huchukua muda mrefu zaidi.

Hapo mtu hudakia: "Ah, ni dunia inavyozunguka." Dunia huzunguka kuelekea mashariki! Kama ndege ingeachwa nyuma, New York ingemfuata abiria aliyetoka London, na safari ya magharibi ndiyo ingekuwa fupi. Hata tukiikubali hoja, jibu linatoka kinyume. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege ilikuwa ikizunguka nayo tangu ikiwa chini. Ila kwa haki, mzunguko huo una mkono wake: ndio unaoipinda hewa inayotoka tropiki kuelekea ncha za dunia, mkondo ukapatikana.

Wajanja nao husema kwenda na kurudi kunafutana. Hakufutani. Chukua kilomita 4,000, ndege ya 800, upepo wa 200. Ukisukumwa, saa 4. Ukipingwa, saa 6 na dakika 40. Jumla ni 10 na dakika 40, ilhali bila upepo ingekuwa 10 kamili, kwa kuwa upepo wa mbele unakaa nao muda mrefu zaidi. Ndiyo maana njia za Atlantiki Kaskazini hupangwa upya kila siku, kituo cha kuongoza ndege cha Shanwick upande wa Ulaya kikipanga za kwenda magharibi, na kile cha Gander huko Kanada za kwenda mashariki, na mara nyingine narefusha njia makusudi ili ndege ifike mapema.

Hata hivyo muda ninaouandika ni utabiri. Mkondo ukihama kidogo, dakika zangu zimekwenda. Mashirika yanalijua hilo, hujaza dakika za akiba kwenye ratiba, kisha rubani anawatangazia abiria kwa furaha kwamba mmewahi.