Falsafa ya wenye hekima ni nini?

Ni njia ya kufanya falsafa iliyoasisiwa na Mkenya Henry Odera Oruka (1944–1995), profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Badala ya kuishia vitabuni, unamfuata mzee kijijini, unamuuliza, anajibu, unambana tena. Wapo wasomi walioshikilia kwamba fikra za Mwafrika ni mali ya kabila zima, mila na methali basi, na hakuna mtu mmoja anayesimama na hoja yake. Oruka, aliyesomea falsafa Uppsala nchini Sweden, aliona dai hilo linajibiwa kwa kwenda kuwasikiliza wenyewe.

Alitenganisha wazee wa aina mbili. Wa kwanza anaijua mila vilivyo. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ndivyo walivyofanya mababu. Wa pili anaijua vilevile, ila anaipima. Paul Mbuya Akoko, mmoja wa aliowahoji, alidai Mungu ni mmoja kwa watu wote, awe wa Wajaluo au wa Wazungu. Miungu ingekuwa mingi, alisema, ingegombana na maumbile yangevurugika. Lakini mbwa huzaa mbwa, hazai paka. Kisha akakiri kwamba Mungu ni nini hasa, hajui.

Huku Ugogoni, Dodoma, tuchukue suala la mvua. Inanyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na zamani kuileta lilikuwa jukumu la mtemi, yaani mtawala wa jadi. Mzee wa Mvumi anayeweza kukusimulia tambiko zima, nani anatangulia na mnyama gani anachinjwa, ni hazina kweli, lakini bado ni wa aina ya kwanza. Wa pili ni yule atakayesema: "Ikinyesha, sifa kwa mtemi. Isiponyesha, tunasema tambiko lilikosewa. Sasa tutajuaje kama tambiko linaleta mvua?" Huyo anafalsafu, hata kama hajakanyaga darasa. Mvi peke yake hazitoshi.

Mwanafalsafa Mnigeria Peter Bodunrin aliipinga njia hii ya Oruka: mhojaji ni msomi, maswali yake ndiyo yanayozaa falsafa, kwa hiyo matokeo ni ya wawili. Kuna ukweli hapo, ila kwangu si kasoro. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye hakuandika kitabu, tunamsoma kupitia wengine, na mazungumzo yake yote ni ya kuulizana. Isitoshe, katika kitabu chake cha 1990 Oruka aliyaweka mahojiano yenyewe, swali kwa jibu, kwa hiyo msomaji anaweza kuona mwenyewe nani kasema nini.