Kwa nini grosari ya Moshi haiuzi sukari?

Mgeni anayetafuta kilo ya sukari mjini Moshi, akaona kibao kilichoandikwa "Grosari" na kuingia, atakuta kreti za bia zilizopandana, viti vya plastiki na mhudumu anayemuuliza: "Ya baridi au ya moto?" Kibao hakijamdanganya. Nchini Tanzania grosari, au glosari kama wengi wanavyotamka, ni mahali pa kunywea palipo padogo kuliko baa; sukari ipo kwa Mangi, mwenye duka la pili.

Neno hili tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa katika Kifaransa cha kale, ambamo "grossier" alikuwa mfanyabiashara wa jumla. Baadaye likaja kumaanisha duka la vyakula, na vileo vikaingia taratibu: sheria ya mwaka 1861 iliwaruhusu wenye maduka wa Uingereza kuuza mvinyo kwa chupa mojamoja, ukanywewe nyumbani. Wamarekani walikuwa wamekwisha kufika mbali zaidi, kwani huko, katika karne ya 19, grosari lilikuwa pia jina la mahali pa kunywea pombe. Tarehe 21 Agosti 1858, katika mdahalo wa Ottawa, Illinois, seneta Stephen Douglas aliutangazia umati kwamba mpinzani wake, Abraham Lincoln, aliwahi kumiliki grosari. Lincoln alikana katakata, ingawa alikiri kwamba kipupwe kimoja alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha pombe kali. Kama shutuma ingekuwa ya kuuza unga na chumvi, sidhani kama angejisumbua kujibu.

Sidai kwamba neno letu lilivuka bahari kutoka Illinois. Ninachokiona ni mwenendo uleule: duka likiuza chupa za kubeba, hakosekani mteja atakayeifungua yake palepale kaunta, na kesho yake akaomba kiti.

Asili hiyo ya duka bado inaonekana, maana grosari huishi kwa kinywaji cha chupa kinachoweza kukaa rafuni. Mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, haikai. Huendelea kuchachuka, hivyo hunywewa ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana anayeitaka huko Kibosho au Marangu haulizi grosari, bali huelekea kilabuni, akapokea kata yake iliyojaa hadi ukingoni, machicha yakielea juu.