Uwiano wa vifo vya uzazi: nchi mbili zinalinganishwaje?

Uwiano wa vifo vya uzazi ni idadi ya wanawake wanaofariki kwa sababu za ujauzito au uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Gawanya vifo kwa vizazi hai, kisha zidisha kwa 100,000. Mkoa wenye vizazi hai 25,000 kwa mwaka na vifo 38 una uwiano wa 152. Lengo la dunia ni kushuka chini ya 70 ifikapo mwaka 2030.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi iko kwenye kujua kifo gani kimo na kipi hakimo. Anayehesabiwa ni aliyefariki akiwa mjamzito, akijifungua, au ndani ya siku 42 tangu mimba ilipokoma, hata kama iliharibika au ilitunga nje ya mfuko wa uzazi. Sababu lazima iwe imetokana na mimba au matibabu yake, au imezidishwa navyo: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, na pia ugonjwa wa moyo aliokuwa nao zamani ukalemewa na ujauzito. Aliyegongwa na gari hamo.

Vifo vingi hupotelea hapo. Binti mwenye mimba changa iliyotunga nje ya mfuko hufia mapokezi, asipimwe mimba, na cheti kikaandika tu damu kuvujia tumboni. Mwingine hufariki wiki ya tano baada ya kujifungua akiwa wodi ya magonjwa ya ndani, na taarifa ya wodi ya wazazi haimtaji. Marekani iliongeza kisanduku cha ujauzito kwenye kielelezo cha cheti cha kifo mwaka 2003, lakini majimbo yalikipokea kwa miaka tofauti hadi 2017. Sehemu ya ongezeko la vifo vya uzazi lililoonekana huko ni matokeo ya uandikaji huo.

Palipo na vyeti vichache, watafiti huwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 habari za dada zao wa tumbo moja: nani yu hai, nani alifariki, alikuwa mjamzito? Jibu hufunika miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo takwimu ya utafiti wa 2022 si picha ya mwaka 2022 peke yake. Tanzania ilipata 556 katika utafiti wa 2015–16 na 104 katika ule wa 2022, ilhali makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Kenya, sensa ya 2019 ilitoa 355, na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa 2020 yakawa 530. Ukichukua 104 ya Tanzania ukaiweka kando ya 530 ya Kenya, hujalinganisha huduma za nchi hizo. Umelinganisha njia mbili za kuhesabu. Chukua chanzo kimoja, mwaka mmoja, na usome kiwango cha chini na cha juu cha kila kadirio. Viwango vya nchi hizo mbili vikiingiliana sana, usitangaze mshindi.

Nchi ndogo zina shida yake. Shelisheli huwa na vizazi takriban 1,600 kwa mwaka. Kifo kimoja tu huleta uwiano wa zaidi ya 60, na mwaka usio na kifo huleta sifuri. Tumia wastani wa miaka kadhaa.

Angalia pia idadi ya uzazi. Nchi mbili zenye uwiano wa 200 hazina hatari sawa ikiwa mwanamke wa nchi ya kwanza huzaa watoto watano na wa nchi ya pili wawili: maishani, wa kwanza hukabili hatari ya takriban 1 kati ya 100, wa pili 1 kati ya 250.

Kwa watoto, vifo huhesabiwa kwa kila vizazi hai 1,000, na kifo cha mtoto mchanga ni kile cha siku 28 za kwanza. Jihadhari na waliozaliwa wafu: Marekani kwa kawaida huanza kuwahesabu wiki ya 20 ya mimba, Uingereza wiki ya 24, na ulinganisho wa kimataifa hutumia wiki ya 28. Tena, mtoto aliyepumua dakika chache akafa, akiandikwa kuwa alizaliwa mfu, hutoka kabisa kwenye hesabu ya vifo vya watoto wachanga, na kituo ambacho hakikuwa na kifaa cha kumsaidia kupumua kikaonekana hakina tatizo.