Usaha umetoka kwenye ini, maabara inasema "hakuna kilichoota"

*Shikamoo daktari. Kaka yangu ameumwa homa wiki tatu, kila akipima malaria haionekani. Ultrasaundi imeonyesha jipu kwenye ini. Usaha ulitolewa, lakini majibu yanasema hakuna kilichoota. Ina maana hana bakteria? (Msomaji, Mbagala)*

Marahaba. Hapana, sivyo. Wapo bakteria wasiostahimili oksijeni. Hewa hii tunayovuta ndiyo inayowaua. Usaha ukikaa kwenye kikopo kilichojaa hewa tangu asubuhi hadi mchana, wanaofika maabara wameshakufa. Kwenye hadubini wataonekana, ila hawataota, yaani hawatazaliana wakipandwa maabara. Kwa hiyo ulizeni hadubini ilionyesha nini. Ulizeni pia harufu: usaha wa bakteria hawa mara nyingi hunuka vibaya mno, wakati ule wa amiba, kimelea ambacho nacho huleta jipu la ini, kwa kawaida haunuki na una rangi ya chokoleti.

*Sampuli ichukuliweje basi?*

Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Usaha uvutwe ndani ya jipu kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi, hewa yote isukumwe nje ya bomba la sindano, bomba lifungwe kwa kifuniko na lipelekwe maabara papo hapo. Lisiwekwe kwenye friji. Kijiti cha pamba hakifai. Fomu iseme wazi kwamba usaha uoteshwe pasipo oksijeni, na maabara isiwe na haraka ya kutupa: baadhi huota baada ya siku 5 hadi 7, wengine zaidi. Damu nayo ioteshwe. Vyote visipoota, kuna kipimo kinachotambua bakteria kwa vinasaba vyake, hata akiwa amekufa.

*Wametoka wapi?*

Wengi hukaa mdomoni na kwenye utumbo mpana. Wakipata upenyo huingia kwenye damu hadi kwenye ini. Majibu yakitaja fusobakteria, mmoja wa hawa wakaao mdomoni, mimi humwomba mgonjwa afungue mdomo, nitazame fizi na meno yaliyooza. Kidole tumbo na mawe ya nyongo navyo huchunguzwa, na akishapona utumbo mpana ukaguliwe, kwani mara nyingine uvimbe wa saratani ndio uliofungua njia.

*Alikuwa akimeza Flagyl za dukani.*

Dawa hiyo huua amiba na wengi wa bakteria hawa, hivyo huenda ndiyo iliyowazuia kuota. Lakini vidonge vichache havimalizi jipu la ini, na jipu lisipotibiwa huua. Matibabu aliyoanzishwa wodini yasisimamishwe kwa kusubiri majibu. Pelekeni pakiti yenyewe, mtaje na siku aliyoanza kumeza.