Faili limefika nusu, mwenzio kashalisoma

Niliandika skripti ya Python ya kupandisha ripoti ya mauzo kwenye seva ya mteja kila saa saba usiku, mistari kama 15 hivi, paramiko tu (maktaba ya Python ya kuunganisha na seva kwa SSH na kutuma mafaili), nikaijaribu mara mbili ikakubali nikalala zangu. Wiki ya pili napigiwa simu alfajiri, "kaka, ripoti ya jana imeishia saa tisa alasiri, mauzo ya jioni yako wapi?" Nacheki faili langu liko kamili, la kwenye seva nalo kamili, baiti kwa baiti. Nikabaki nimeduwaa.

Kumbe kule kuna programu inachungulia folda kila dakika, ikiona .csv tu inaidaka. Na put, ile amri ya paramiko ya kupandisha faili, ikishaanza, faili linaonekana palepale na jina lake lote hata kama ndani imeingia robo tu, na usiku ule neti ilikuwa inasuasua, basi jamaa, yaani ile programu, kapakua wali haujaiva.

Dawa yake: pandisha kwa jina la muda, mfano mauzo.csv.part, ikimaliza ndo ubadili jina. Kubadili jina ndani ya diski ileile hakuna nusunusu, ama bado ama tayari. Ila tumia amri ya posix_rename, hiyo rename ya kawaida OpenSSH (programu ya SSH iliyoko kwenye seva) inaigomea kama kuna faili lenye jina hilo tayari. Put yenyewe ikimaliza inalinganisha ukubwa wa faili lako na la kwenye seva, kwa hiyo ile confirm, swichi yake ya ukaguzi huo, usiizime.

Halafu put inataka njia nzima mpaka jina la faili, /data/ingia/mauzo.csv.part, ukiishia kwenye folda seva inakujibu neno moja, "Failure", basi. Hilo neno lilinila mchana mzima.

Na AutoAddPolicy mnayokopi kila mahali, ule mpangilio wa paramiko, jamani, hiyo inakubali ufunguo (kitambulisho) wa seva yoyote isiyoijua, sawa na kumfungulia kila anayepiga hodi akisema yeye ni mjomba. Hifadhi ufunguo wa seva mara moja kwenye known_hosts, faili la funguo za seva unazoziamini, kisha ita load_system_host_keys ilisome.

Neti ikikata katikati, .part inabaki. Kama jina ni lilelile kila siku hamna shida, put ya kesho inafuta na kuandika upya, ila mimi majina yangu yana tarehe, juzi nimekuta 40 zimelala pale.