Bwawa limejaa, mbona mtambo umezimwa? Tujue ukaguzi na matengenezo ya mitambo ya kufua umeme

Kila masika yakikolea, simu za malalamiko nazo huongezeka. Swali ni lile lile, kila mtu analiuliza kwa maneno yake: maji yamefurika, bwawa linamwaga, na bado tunaambiwa mtambo namba fulani uko kwenye matengenezo. Wapo wanaosema wazi kwamba neno "matengenezo" ni kisingizio. Nimefanya kazi ya uhandisi mitambo kwenye vituo vya umeme wa maji kwa miaka mingi, na naamini anayeuliza hivyo anauliza kwa nia njema. Kwa hiyo naomba nimjibu kikamilifu.

Bwawa ni ghala, mtambo ndio kinu. Ghala linaweza kujaa mahindi hadi mlangoni, lakini kinu kikiwa kibovu hakuna unga. Kituo cha Kidatu hapa Tanzania kina mitambo minne, kila mmoja wa megawati 51, jumla megawati 204. Ukizimwa mmoja, robo ya uwezo wa kituo imeondoka, hata kama bwawa la Mtera kule juu ya mto limejaa maji. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, maana yake mtambo mmoja tu wa pale unazidi Kidatu nzima. Kuuzima si jambo la mtu mmoja kuamka asubuhi na kubonyeza kitufe. Kunapangwa, kunaandikwa, na wasimamizi wa gridi wanakubali kwanza.

Matengenezo makubwa huwekwa kiangazi, maji yanapokuwa machache na mtambo hauhitajiki sana. Hilo kila kituo cha maji kinalijua. Kwa hiyo ukisikia mtambo umezimwa katikati ya masika, usidhani wataalamu wamesahau kalenda. Mtambo wenyewe umetoa dalili, na dalili haisubiri msimu.

Nitatoa mfano nilioushuhudia mwenyewe, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Ilikuwa zamu ya usiku. Kijana aliyekuwa chumba cha udhibiti aliona joto la beringi moja inayoshikilia shafti, yaani mhimili unaozunguka, limetoka nyuzi 58 hadi 64 ndani ya saa tatu. Mtambo ulikuwa umepangiwa kulia kengele ukifika 70, kwa hiyo kengele ilikuwa kimya. Mwingine angeandika namba kwenye daftari na kuendelea na chai yake. Yeye alishuka ngazi akiwa na tochi, akachota mafuta ya beringi kwenye chupa ya kioo na kuyamulika. Mafuta safi ya turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, yana rangi ya asali, unaona kidole chako upande wa pili wa chupa. Yale yalikuwa meupe mazito kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

Tulizima usiku ule ule. Tulipofungua tulikuta bomba dogo la shaba la kupozea mafuta limetoboka, tundu halizidi ncha ya sindano. Maji ya kupozea yalikuwa yakipenya taratibu na kuharibu utelezi wa mafuta. Beringi za mitambo hii hazina gololi kama za baiskeli. Ni vipande vya chuma vilivyopakwa metali nyeupe laini, yenye bati kwa wingi, na shafti inaelea juu ya utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, metali ile inayeyuka na kupakaa kama siagi. Kwetu ilikuwa imeanza kupakaa kwenye vipande viwili tu. Fundi wetu mzee alipaka wino wa bluu mwembamba kwenye shafti, akakalisha kipande, akakizungusha kidogo, akakitoa na kukwangua palipoguswa na wino kwa kikwangulio cha mkono. Akapaka tena, akakwangua tena, mpaka bluu ikasambaa sawasawa uso mzima. Kazi hiyo huwezi kuikimbiza. Siku ya tisa mtambo ukarudi. Tungeendelea mpaka kengele ilie, huenda shafti yenyewe ingechanika uso, na hapo hatuzungumzii siku tisa, tunazungumzia miezi.

Katika siku hizo tisa tulipokea malalamiko ya kutosha. Sijasikia yeyote akiuliza mtambo ulikuwa unaumwa nini.

Joto ni dalili mojawapo tu. Kuna mtikisiko, ambao tunaupima kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Kuna sauti: turbini inayoliwa na viputo vya maji hulia kama bomba linalopitisha kokoto. Viputo hivyo hujitengeneza panapokuwa na presha ndogo nyuma ya pangaboi la turbini, kisha hupasuka kwa nguvu dhidi ya chuma na kukitoboatoboa mpaka kinafanana na sega la nyuki. Mchanga unaoletwa na mafuriko nao husugua chuma hicho hicho. Na kuna nyufa, ambazo ndizo zinazonikosesha usingizi, kwa sababu hazisikiki wala hazipandishi joto.

Ufa mwembamba jicho haliuoni. Tunasafisha chuma mpaka king'ae, tunapuliza rangi nyekundu nyepesi inayopenya hata palipo finyu sana, tunasubiri, tunafuta yote mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha tunapuliza unga mweupe juu yake. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani inanyonywa na unga, na unaona uzi mwekundu ukijichora taratibu mbele ya macho yako. Nimeona uzi wa namna hiyo ukitokea kwenye mzizi wa pangaboi ambalo siku iliyotangulia lilikuwa linafua umeme bila tatizo lolote. Watu wote waliokuwa mle ndani walinyamaza.

Anayedhani tunazidisha tahadhari aangalie kilichotokea Urusi tarehe 17 Agosti 2009, kituo cha Sayano-Shushenskaya kwenye mto Yenisei. Kilikuwa na mitambo 10 ya megawati 640. Mtambo namba 2 ulikuwa umetoka kwenye matengenezo mapema mwaka huo huo. Taarifa ya uchunguzi ilieleza kwamba mtikisiko wa beringi ya turbini ulifika mikromita 840, wakati kikomo kilikuwa 160. Mtambo haukuzimwa. Bolti zilizoshikilia mfuniko wa turbini zilikatika, presha ya maji ikainua mtambo mzima kutoka shimoni, maji yakajaa ukumbi. Umeme wa kituo chenyewe ulikatika, na milango ya maji kule juu ya bwawa ikabidi ifungwe kwa mkono. Watu 75 walikufa. Bolti 49 zilipochunguzwa baadaye, 41 zilikutwa na nyufa za uchovu wa chuma, nyufa ambazo zilikuwa zikikua kwa muda mrefu. Ukarabati wa kituo ulichukua miaka mitano.

Sasa nije kwenye swali linalonichosha: "Si ni kubadilisha sili tu, mbona wiki nzima?" Sili yenyewe, kile kizuizi cha kuzuia maji yasivuje, inabadilishwa kwa muda mfupi. Siku zinakwenda kwenye kuhakikisha anayeibadilisha anarudi nyumbani.

Hakuna fundi anayegusa mtambo bila kibali cha kazi. Mwombaji anajaza fomu: mtambo upi, sehemu ipi, kazi gani, watu wangapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mhandisi wa zamu anasimamisha mtambo, anautenga na gridi, anafunga mlango wa maji wa juu, anamwaga maji yaliyobaki kwenye bomba, anatoa presha ya mafuta kwenye mfumo unaofungua njia za maji, anaweka breki. Kila kilichofungwa kinapigwa kufuli na kuning'inizwa kadi nyekundu yenye jina, tarehe na sahihi. Funguo zote zinaingia kwenye kisanduku kimoja. Kisanduku hicho nacho, kila fundi anayeingia kazini anakipiga kufuli yake binafsi. Mafundi sita, kufuli sita. Akitoka mmoja anaondoa ya kwake tu. Kufuli moja ikibaki, kisanduku hakifunguki, na mtambo hauwashwi hata apige simu nani.

Fundi akiondoka na funguo mfukoni anaitwa arudi, hata kama ameshafika nyumbani. Asipopatikana, mkuu wa kituo mwenyewe anathibitisha kwamba mtu huyo hayupo ndani ya mtambo, wawili wanasaini, ndipo kufuli inakatwa. Anayeondoa kufuli ya mwenzake kwa njia ya mkato anasimamishwa kazi siku ile ile na kupelekwa kamati ya nidhamu. Hatuulizi kama kuna aliyeumia. Pale ambapo mtu ameumia, jambo linatoka mikononi mwetu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamwajibisha mwajiri na mfanyakazi pia, na adhabu zake ni faini, kifungo au vyote viwili. Winchi ya ukumbini na matangi ya hewa yenye presha navyo lazima vikaguliwe na kuwa na cheti kilicho hai. Cheti kikiisha muda, kazi inasimama.

Wenye jenereta zenu majumbani, hotelini, kwenye zahanati na mashine za kusaga, msione haya hayawahusu. Sheria hiyo haigusi vituo vikubwa peke yake, na mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Lakini nawaomba mzingatie jambo moja kabla ya sheria. Jenereta nyingi za siku hizi zinajiwasha zenyewe umeme wa gridi ukikatika. Fundi anaitwa kubadilisha mkanda wa feni, anaikuta jenereta imetulia, anaingiza mkono. Umeme unakatika mtaani, na sekunde chache baadaye injini inawaka na mkono wake ukiwa ndani. Kuiweka swichi kwenye "off" hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kupita na kuirudisha akidhani anasaidia. Chomoa waya wa betri, ule hasi, uufunge mbali na betri, na funguo akae nayo fundi mwenyewe mpaka amalize. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Na jenereta isiunganishwe kwenye nyumba kwa kuchomeka waya kwenye soketi. Iwekwe swichi ya chenjiova, inayotenganisha jenereta na gridi, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu bila hiyo umeme wako unarudi kwenye nguzo, unapandishwa na transfoma, na kumkuta fundi aliye juu akiamini laini imezimwa. Kila tunapoeleza hili kuna anayejibu kwamba amefanya hivyo miaka kumi bila tatizo. Tatizo halitokei kwake, linatokea juu ya nguzo.

Mtambo ukishatengenezwa hauruki moja kwa moja kwenye mzigo, yaani umeme unaotakiwa kuutoa. Unazungushwa polepole kwanza, tunasikiliza, tunashika, tunapima. Kisha unapandishwa hadi mwendo wake kamili. Mtambo wenye nguzo 16 za sumaku, kwa mfano, lazima uzunguke mara 375 kwa dakika ndipo utoe umeme wa hezi 50. Tunasubiri joto la beringi litulie, na hilo huchukua saa kadhaa. Ndipo unapewa robo ya mzigo, nusu, robo tatu, mzigo wote. Baadaye mzigo unaondolewa ghafla kwa makusudi, tuone kama mtambo unajidhibiti usipitilize mwendo. Usipojidhibiti vizuri, tunarudi kwenye fomu ya kibali na kuanza upya.

Hapa ndipo nawahitaji sana wananchi wanaoishi chini ya vituo. Mtambo ukiwa umezimwa kwa siku kadhaa, mto unapungua. Mawe yanajitokeza, mabwawa madogo yanabaki na samaki, mchanga unakuwa mkavu. Watu wanashuka kuvua, kufua nguo, kuchota mchanga, na watoto wanaogelea. Siku ya majaribio maji yanarudi kwa dakika chache, yanaondoka, yanarudi tena, hata mara nne au tano kwa siku moja, na juani kabisa bila wingu la mvua. Aliye katikati ya mto juu ya jiwe hana muda wa kukusanya ndoo.

Kabla ya majaribio tunatoa taarifa kwa serikali za vijiji na kupiga king'ora. King'ora kikilia, acha nyavu, acha nguo, panda ukingoni, na usirudi mtoni mpaka mwenyekiti wa kijiji atangaze kwamba majaribio yamekwisha. Maji yakishuka tena baada ya mawimbi ya kwanza, usishuke kuchukua ulichoacha. Huwa bado tuko kwenye robo ya mzigo.